Mapasa Wasiochezewa

Nilipokuwa mtoto wa kuvaa gauni moja la shule wiki nzima, ardhi ya Lubumbashi ilianza kututikisa. Si tetemeko moja likapita tukasahau, la, mitikisiko ilikuja ikaenda, ikapumzika, ikarudi, siku nyingine asubuhi, siku nyingine wakati wa kusonga bukari, ugali wetu, na kila ikija vifuniko vya sufuria vilicheza, kuku walinyamaza wote pamoja, na sisi watoto tulikimbilia njiani tukipiga kelele za hofu ambazo mwanzoni zilikuwa pia kelele za furaha. Mwanzoni tu. Baadaye hakuna aliyecheka.

Tulikaa Naviundu, karibu na mto, katika lupango moja, ua mmoja, na familia ya Mama Feza. Nyumba yao na yetu zilitazamana mlango kwa mlango, kila mtu akijua mwenzake amepika nini. Baba yangu alifanya kazi fonderi, kule wanakoyeyusha shaba, na kutoka barabara ya juu tuliweza kuuona mlima mweusi wa fonderi. Mlima ule haukuumbwa na Mungu. Ni masalia ya mawe yaliyokwisha kutolewa shaba, yaliyomwagwa pale yakiwa bado ya moto tangu enzi za babu zetu, na jioni yalipomwagwa yaliteremka mekundu kama uji unaofurika chunguni, mpaka mawingu yakapata rangi. Tulizaliwa tukiuona, hatukuuogopa. Lakini ardhi ilipoanza kutikisika watu wakautazama kwa macho mengine. Moto wote ule, walisema, miaka yote ile, ulikwenda wapi? Uliingia chini. Sasa umejaa, unatafuta mlango.

Baba Feza alikuwa mtu wa Kivu, na kwa kuwa Kivu kuna milima ya moto ya kweli, ghafla akawa mtu mkubwa. Jana alikuwa fundi wa viatu tu, leo wazee wanamletea kiti.

“Ile moto haikimbiake,” aliwaambia, uzi wa kushonea bado mdomoni. “Inatembeaka polepole kama muzee. Lakini haisimamake.”

“Na kama tunakimbia?”

“Kimbia. Itakukuta umeikala unakula.”

Redio ilisema ni mambo ya asili, wananchi waendelee na kazi. Maneno hayo yalimtia mama yangu hofu kuliko mlima wenyewe. Redio ikikuambia usiogope, alisema, ujue wakubwa wameshafunga mizigo.

Lakini hofu ya mama ilikuwa na mzizi mwingine, na mzizi huo ulilala ndani ya nyumba yetu, juu ya mkeka, umevikwa kitambaa cha maua. Wadogo zangu. Mapasa, watoto wawili wa tumbo moja, Kyungu na Kabange.

Kwetu, watu wa kaskazini, mapasa hawazaliwi kimya. Wakizaliwa lazima wachezewe. Mama anapakwa pemba, ule udongo mweupe, anafungwa majani kiunoni, anabeba watoto wote wawili, anatoka njiani, na wanawake wanamzunguka wakiimba matusi. Matusi kweli, ya mwilini, ya kitandani, ya kumtukana yeye na mumewe mbele ya kila mtu, na wao wawili lazima wasimame wayapokee, na ikiwezekana wajibu. Ndiyo heshima ya mapasa. Wametoka mahali ambapo sisi hatupajui, wana nguvu, na nguvu hiyo inatulizwa kwa kicheko. Baada ya hapo tu ndipo mama anaitwa Mama Mapasa na baba anaitwa Shamapasa.

Mama yangu aliendelea kuitwa Mama Mwadi, jina langu mimi, mtoto wa kwanza. Baba alikuwa amekataa. Baba aliongoza kwaya ya parokia. Alikuwa na sauti nzito iliyotoka chini kabisa, nyumbani hakuwahi kusema neno lolote la mwili, hata mguu ukimuuma alisema “huku chini”, na mapadri walikuwa wamezikataza nyimbo zile. Nyanya yangu alikuja kwa treni kutoka kaskazini na pemba yake imefungwa ndani ya jani, akakaa, akangoja, akaona hakuna linalofanyika, akaondoka. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni akamwambia baba, kwa adabu yote, maana mkwe ni mkwe: “Tata, mapasa bakikosa kuchezewa, buloba, hii ardhi, haitatulia.” Baba akamshikia mkoba akamsindikiza stesheni. Pemba ilibaki ndani ya mkebe wa maziwa juu ya kabati.

Miezi michache baadaye, ardhi ikatikisika. Mnaona sasa mama yangu alivyokuwa.

Nami leo ninayeandika haya nimesoma sekondari, nimefundishwa kwamba ardhi ina mabamba, mabamba yanasukumana, nilichora mchoro wake nikapata maksi nzuri, na juzi ilipotikisika tena hapa Hewa Bora tunapokaa, mchoro ule sikuukumbuka hata kidogo. Nilimnyakua mtoto wangu nikakimbia nje na kanga ikaanguka njiani. Kwa hiyo simcheki mama. Sina haki ya kumcheka.

Mambo yalianza kubadilika bombani, tulipokuwa tukiteka maji. Zamani wanawake walimsogelea mama ili washike miguu ya watoto. Sasa palibaki nafasi kumzunguka, si kubwa, kama upana wa ndoo, lakini nafasi. Kisha mtu akagundua kwamba Kabange, yule mdogo, hulia kabla ya tetemeko. Labda ilikuwa kweli, mtoto wa umri ule hulia kabla ya kila kitu. Lakini neno likatoka, likatembea Naviundu yote, na lilipotufikia sisi lilikuwa limekua: Kabange ndiye anayeita. Kabange akiondolewa, ardhi italala.

Feza, mtoto wa Mama Feza, ndiye aliyeniletea neno hilo, kwenye njia ya shule.

“Banasema batapeleka mutoto yenu ku pori, kwa bazee.”

“Nani banasema?”

“Bote. Hata leo mama yangu alibafukuza pa mulango yenu. Yaya, usilie, minakuambia tu.”

Sikulia. Niliona haya. Ndiyo, kabla ya hofu, haya ilifika kwanza, ikanipanda masikioni, kwamba sisi ndio nyumba ile, ile inayonyooshewa kidole.

Jioni hiyo Mama Feza mwenyewe alivuka ua akaingia kwetu bila kubisha. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mdomo, aliyekuwa mbele kila kikundi cha akina mama kilipotakiwa kwenda kucheza kwa ajili ya chama na wageni wa serikali. Aliketi juu ya kinu, akamtazama mama akinyonyesha.

“Mama Mwadi, shiye tuko bantu ya lupango moja. Minakuambia kama dada. Cheza batoto yako.”

“Bwana haitaki.”

“Haitaki! Bwana eko ku kazi toka asubuhi, weye njo unabaki na macho ya bantu. Sikiliza. Siku ile utawacheza, miye nitafunga midomo yote ya hapa. Lakini usipowacheza, miye peke yangu sitaweza kusimama pa mulango kila siku.”

Mama alimhamisha Kabange kutoka titi moja kwenda lingine, ingawa mtoto hakuwa amemaliza.

Baba aliporudi, waligombana kwa sauti ndogo, ile ya wazazi wanaodhani watoto wamelala. Hatukuwa tumelala, jua lilikuwa bado halijazama vizuri. Mama alisema watamchukua mtoto. Baba alisema hakuna mtu wa kuchukua mtoto wake, kuna sheria. Mama akauliza sheria hiyo inakaa wapi, Naviundu hapa au mjini kwenye maofisi. Baba akasema maneno ambayo sijayasahau:

“Siku ya Mungu minaongoza nyimbo mbele ya altare. Unataka siku ya Posho baimbe matako yangu mu barabara?”

“Minataka mutoto yangu,” mama akasema.

Jumamosi ile, hiyo siku ya Posho, tulifanya salongo kama kawaida, kufagia barabara na kuzibua mifereji, mtaa mzima, hakuna kukosa. Baba alikuwa zamu ya asubuhi fonderi. Salongo ilipokwisha, watu wakiwa bado na mafagio mikononi, mlango wetu ukafunguka, mama akatoka.

Alikuwa amejipaka pemba usoni, kifuani, mikononi. Majani ya muhogo kiunoni, juu ya kitambaa kilichofupishwa. Mapasa amewafunga mmoja mbele, mmoja mgongoni, nao wana alama nyeupe kwenye paji la uso. Mama yangu, ambaye alivaa leso hata akienda chooni, alisimama magoti yake nje, mbele ya watoto wa darasa langu. Nilitaka ardhi itikisike wakati ule ule. Nilimwomba Mungu hivyo kabisa, atikise sasa, watu wakimbie, wasimwangalie.

Mama Feza akapiga kigelegele, akaanza:

“Mama Mapasa ee, tumbo kiroba! Ulifungua miguu, treni ikapita na mabehewa yake!”

Wanawake wakaitikia, wakapiga mafagio chini, wakapiga ndoo za salongo. Mama akacheza. Alicheza vibaya, kwa woga, akijibu kwa sauti isiyosikika, na wimbo ukaja mwingine, mchafu zaidi, na mwingine, na watu wengine wakaanza kucheka kile kicheko kinachotakiwa. Vumbi likapanda. Nikadhani, basi, inawezekana, itakwisha.

Kisha mwanamke mmoja mzee, mtu wa kwetu kaskazini, akainua mkono.

“Shamapasa eko wapi?”

Ngoma za ndoo zikapungua.

“Mapasa habachezwi na muzazi mumoja. Hii ni kucheza nusu. Ni mubaya kupita kutocheza.”

Ndoo zikanyamaza. Mama akasimama katikati, anahema, pemba inamtiririka na jasho shingoni, na ile nafasi ya upana wa ndoo nikaiona ikirudi kumzunguka, watu wakirudisha mguu mmoja nyuma, mmoja tu, bila kujua kwamba wanafanya hivyo. Kabange akaanza kulia mgongoni. Ee Mungu wangu, kati ya saa zote, saa ile! Kila mtu akatazama chini, kwenye miguu yake, akingoja.

Ndipo baiskeli ya baba ikapinda kona.

Alikuja polepole kwa sababu ya watu. Alikuwa na nguo za kazi, uso mweusi wa masizi. Nyuma ya watu, kwenye uzio, niliwaona wanakwaya wake wawili, wanaume walioimba besi pamoja naye, walikuja kwa salongo kama wote. Naye aliwaona. Najua aliwaona kwa sababu alitazama upande ule kwanza, kisha akamtazama mama. Alimtazama muda mrefu. Sijui aliona nini, labda aliona ile nafasi.

Aliegemeza baiskeli kwenye uzio, kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba ndiyo kazi pekee iliyobaki duniani. Akavua shati. Alikuwa mweupe kuliko uso wake, mifupa ya mabega imetoka, na kwa mara ya pili siku ile niliona haya, kwa kuwa sikuwahi kuuona mwili wa baba mchana.

“Munipake,” akasema.

Kelele iliyotoka pale sijaisikia tena maishani. Mama Feza alimpaka kwa viganja vyote viwili, bila huruma, usoni juu ya masizi, tumboni, na huku akiimba:

“Shamapasa ee, shingo ndefu, matako kavu! Moja haikukutosha, ukarudisha mukono mu sufuria!”

Mtaa wote ukaitikia. Hata Baba Feza aliitikia, msumari wa viatu mdomoni. Baba alisimama wima kama askari mbele ya bendera, macho yamekazwa juu ya mabati ya nyumba, na nilifikiri atabaki hivyo, atapokea tu, na hilo lingetosha. Lakini yule mwanamke mzee wa kaskazini akasema: “Ajibu!” Ndipo ile sauti, ile ya altareni, nzito, iliyopangwa vizuri, kila neno mahali pake, ikatoka:

“Miye nilipanda mbegu moja, minasema moja tu! Shamba ya bakwe yangu njo ilijibu mbili!”

Wanawake walianguka chini. Nasema kweli, walikaa vumbini, wakishika mbavu. Mama alicheka akiwa analia, akampa baba Kabange, akamfunga kifuani kwake, na wakacheza wote wawili, baba akikanyaga kama mtu anayezima moto, mpaka mtoto akanyamaza.

Wanakwaya wale wawili hawakucheka. Nilipogeuka tena hawakuwapo kwenye uzio.

Sasa ningeweza kusema kwamba ardhi ilitulia. Nyanya yangu alisimulia hivyo mpaka alipokufa. Haikutulia. Kabla ya giza kuingia ilitikisika kuliko siku zote, ukuta wa jikoni wa Mama Feza ukapasuka kutoka juu hadi chini, na tukakimbilia njiani wote, na mimi nikawaza kwa hasira ya mtoto: bure. Umepakwa bure, baba. Lakini hapo njiani, katika vumbi, mtu wa kwanza kumfikia mama alikuwa Mama Feza, na alichofanya ni kumpokea Kabange mikononi, Kabange na si Kyungu, akamfunika kwa kitambaa chake. “Muletee Mama Mapasa kiti,” akapiga kelele. Kiti kikaja. Watu wakaketi barabarani wakitazama upande wa mlima mweusi, wakiogopa, na katikati ya hofu mtu mmoja akasema taratibu, “Shamba ya bakwe,” na kicheko kikapita njia nzima kama upepo. Hakuna aliyesema tena kwamba mtoto anaita. Ardhi iliendelea na mambo yake mpaka mvua zilipoanza, kisha ikaacha, haikutuambia kwa nini.

Jumapili baba alivaa koti lake, akaenda mahali pake mbele ya kwaya. Mtu wa kamati ya parokia akamjia, akamsemesha sikioni. Baba akaitikia kwa kichwa, akashuka, akapita katikati ya kanisa lote, akaketi benchi la nyuma pamoja nasi. Wimbo ulipoanza, aliimba chini chini, nikaona jinsi anavyoibana sauti ili isiwapite wengine. Hakurudishwa kamwe. Shuleni waliniimbia mbegu moja mbegu moja muhula mzima, na mimi nilitembea nikihesabu mawe, nikijiuliza kwa nini sisi, kwa nini baba yangu asiwe kama baba wengine ambao hawakutakiwa kuvua shati mbele ya watu.

Kyungu na Kabange sasa ni vijana, wanacheza mpira, wanakula kupita kiasi. Hakuna anayekumbuka kwamba mmoja wao aliwahi kuogopwa. Baba hakuwahi kulizungumza. Nadhani hakuamini hata dakika moja kwamba kilichoko chini husikia nyimbo. Alikuwa akiukanyaga mlima ule kila siku kwa viatu vya kazi, alijua umetengenezwa na nini. Lakini alimwona mama amesimama peke yake.

Mwezi huu mtoto wangu wa kiume ameota jino. Limetoka juu. Chini hakuna kitu, ufizi mtupu, na juu limetoka, jeupe, kali. Kwetu mtoto wa namna hiyo anaitwa kinkula, na kinkula analeta balaa, na wiki ile ile, wiki ile ile jamani, ardhi imetikisika. Mume wangu ni mwalimu, mtu mzuri, sijamwambia. Naogopa kwamba atacheka, na naogopa zaidi kwamba hatacheka. Mimi mwenye diploma ya sekondari, nilimfunika mtoto wangu mdomo kwa leso kila jirani alipopita, nikisema ana mafua.

Jana jirani yangu aliona nimechoka, akanyoosha mikono: “Lete huyu nibebe, weye ukafue.” Nilishika leso. Nikamfikiria baba akiegemeza ile baiskeli. Nikaitoa leso, nikampa mtoto, naye mtoto akamchekea kwa mdomo wote.

Jirani akatazama. Akaingiza kidole, akaligusa jino, akaligusa tena. Sikuweza kumtazama usoni kwa haya, haya ya jino na haya ya leso, sijui ipi ilikuwa kubwa.

“Anakuuma akinyonya?” akauliza.

“Ananiuma,” nikasema. “Ananiuma sana.”

“Wanaume,” akasema, akampandisha begani, akaenda naye uani kwake. Nilibaki na beseni la nguo mbele yangu. Uso ulikuwa unawaka, na sikuuficha.